Kompyuta Iliyokuwa Brazili

Jumamosi, 14 Oktoba

Jenereta imekubali mvuto wa tatu. Madumu mawili ya maji yamefika. Mama Zuhura kaja na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kaiweka juu ya kichapishi. Nimeiondoa. Kaiweka tena. Yeye ndiye mtangazaji wa redio, mimi ni fundi tu.

Matangazo ya leo: vifo viwili, mbuzi mmoja kapotea Mnyambe, mkutano wa wakulima wa korosho Chidya wiki ijayo. Na mnunuzi mpya anayejisifu kwamba mizani yake haidanganyi. Tangu soko huria liingie, kila mnunuzi anatangaza hivyo. Nadhani mizani zinazodanganya ziko kwa watu wasio na fedha ya tangazo.

Kazi imekwenda sawa. Watu wanaleta habari dirishani, mimi naziandika kwenye kompyuta, Mama Zuhura anazisoma studio kwenye kioo cha pili cha kompyuta. Programu nimeiandika mwenyewe. Nilijifunza kwenye kitabu kilichokosa jalada na sura ya kwanza. Kwa hiyo mpaka leo sijui utangulizi wa jambo lolote.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kompyuta imeamka na saa moja ya ziada. Sisi saa mbili, yenyewe saa tatu. Nimeshuku betri ndogo ya ndani. Nimeirudisha saa nyuma kwa mkono. Nimeendelea na chai.

Mkurugenzi kapita. Zamani alinunua korosho, sasa ana redio, na ukimwita Mzee badala ya Mkurugenzi anakutazama kama hakujui. Kanipongeza mbele ya wageni wake kutoka Masasi kwa vile kompyuta yetu "inajua Kiswahili". Nimefurahi. Ujanja wenyewe ni mdogo. Mashine inahesabu saa kwa Kizungu, mchana wetu wa saa nane inauita saa mbili. Nikaitafutia kwenye orodha ya miji ya dunia mji ulio nyuma yetu kwa saa sita. Nikaupata, uko Brazili. Nikaiambia kompyuta iko huko. Tangu hapo, jua likitoka Newala, mashine inasema saa moja kama binadamu.

Iko mezani kwetu, lakini inaamini iko Brazili. Wapo watu wa namna hiyo pia.

Jumatano, 18 Oktoba

Mkutano wa korosho Chidya. Mwenyekiti wao kanipitia, kasema redio ilitangaza saa nne wakati yeye aliandikisha saa tatu. Nikamuuliza mkutano ulianza lini. Kasema saa sita. Tumecheka wote wawili. Nimedhani alijichanganya mwenyewe.

Alhamisi, 19 Oktoba

Asubuhi kaja mzee Issa wa Mnyambe kwa baiskeli, suruali imejaa mchanga mpaka magotini. Dada yake, Bi. Mwanahawa, kafariki alfajiri. Kuzikwa leo hii saa nane mchana. Nimempa pole. Kasema mtoto wa marehemu, Bakari, yuko Chiwata kwenye mikorosho yake, na hakuna njia nyingine ya kumpata ila redio. Karudia jina mara mbili. Bakari, mtoto wa pekee wa kiume.

Nimeandika. Saa nane. Nimemsomea, kaitikia. Kapanda baiskeli.

Mama Zuhura kalisoma tangazo mara tatu, kwa sauti yake ile ya misiba ambayo hata jogoo wananyamaza. Mimi nilikuwa nyuma kwenye jenereta. Huko husikii hata ukiitwa jina lako.

Ijumaa, 20 Oktoba

Habari imepanda na lori la korosho. Bakari hakumzika mama yake.

Alifika Mnyambe watu wanakung'uta mchanga mikononi. Walikuwa wamemngoja kidogo, kisha wakaona maiti hangoji. Aliyeshuka kaburini kumpokea Bi. Mwanahawa ni mzee Issa, ndugu yake. Mahali pale palikuwa pa mtoto.

Bakari anasema redio ilisema saa tisa. Watu wa Mnyambe wanasema alijivuta. Walikuwa wamegombana, yeye na mama, juu ya kipande cha mikorosho. Sasa wanasema alikataa kumpokea.

Nimemuuliza Mama Zuhura. Kasema alisoma kilichoandikwa. Kajibu haraka. Sikupenda wepesi ule. Nimemshuku.

Jumatatu, 23 Oktoba

Wamekuja. Mzee Issa mbele, Bakari nyuma yake kwa hatua nyingi, kama watu wawili wasiojuana waliopita njia moja. Bakari ni mtu mkubwa wa mabega. Leo alionekana kama koti lililotundikwa.

Shikamoo, marahaba. Mkurugenzi kawaweka vitini. Mzee Issa kasema hakuja kugombana. Anataka kompyuta iulizwe, maana kompyuta haina ndugu wala jirani. Bakari akaitikia kwa kichwa. Wote wawili waliiamini. Mimi pia.

Nikawauliza ikiwa kuna mtu Mnyambe aliyesikia tangazo. Mzee Issa akanitazama kama mtoto mjinga. Msibani redio huzimwa. Nyumba nzima, majirani, kijiji. Nani angeiwasha?

Nimefungua kumbukumbu. Alhamisi, Bi. Mwanahawa wa Mnyambe. Kioo kikasema saa nane.

Bakari kasogea karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Kaufuta kwa kidole. Ikabaki nane.

"Mimi nilisikia tisa," kasema. Si kwa nguvu.

Mzee Issa kajibu kwa Chimakonde, maneno machache, sitayaandika humu. Bakari katoka. Baadaye Mkurugenzi kamwambia Mama Zuhura asisome tena vifo mpaka macho yake yapimwe. Atasoma matangazo ya sabuni.

Mama Zuhura kavaa mtandio wake taratibu. "Na mbuzi waliopotea," kamwambia Mkurugenzi, "nao nisome, au nao wana hadhi?"

Hakuna aliyecheka. Hata yeye.

Jumanne, 24 Oktoba

Hakuna ming'oko. Kichapishi kimebaki kitupu. Sikujua kinaweza kuonekana kikubwa namna ile.

Kasoma sabuni vizuri kuliko sabuni ilivyostahili.

Wakati wa kufunga akanijia mlangoni, akaniita kwa jina la binti yangu. "Baba Tatu, mimi sikusoma shule miaka mingi. Lakini nane na tisa nazijua. Nilisoma tisa kwa sababu kioo kilisema tisa."

Nimemwambia kumbukumbu inasema nane. Kasema kumbukumbu si kile kioo alichosoma.

Nimeudhika. Nimekwenda nyumbani. Nimekula bila kuonja. Mke wangu kauliza kama chumvi imezidi. Sikujua kama ipo.

Jumatano, 25 Oktoba

Kile alichosema. Kumbukumbu si kile kioo. Kweli ni kurasa mbili. Ukurasa wa kusoma wa siku, na ukurasa wa kumbukumbu. Nimeziandika zote mbili mimi, miezi tofauti, na sikumbuki nilitumia amri gani wapi.

Na mwenyekiti wa Chidya aliyeandikisha saa tatu ikasomwa nne. Nilicheka naye. Sasa siwezi.

Na ile saa moja ya ziada ya Jumatatu.

Sitaki kufungua programu. Nimesafisha kibodi badala yake. Kipande cha mhogo chini ya herufi M.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimefungua.

Nilihitaji tangazo la kujaribia. Sikutaka kuandika jina la mtu, ni mkosi. Nikaandika langu. Nikajifia, nikajipangia maziko saa nane mchana. Nikafungua ukurasa wa kumbukumbu: saa nane. Nikaenda studio, nikafungua ukurasa wa kusoma.

Saa tisa.

Nimekaa kwenye kiti cha Mama Zuhura. Kina mto alioushona mwenyewe. Nimejitazama nikizikwa saa mbili tofauti katika nyumba moja.

Sababu, niiandike ningali nakumbuka. Lugha ya programu ina maktaba yake, yaani ghala la amri zilizoandikwa na watu wengine ili sisi tusijisumbue. Unachukua amri, unaitumia, hufungui gunia kutazama ndani. Nilichukua mbili. Zote zinasoma saa, zote zinaujua umbali wa Brazili. Lakini Wabrazili wana desturi, kiangazi chao kikianza wanasogeza saa mbele, nchi nzima, kwa makubaliano. Kilianza Jumapili ile, siku moja kabla ya saa ya ziada. Amri moja katika ghala hilo inaijua desturi. Nyingine haijawahi kuisikia. Tangazo linahifadhiwa kwa ile isiyojua, na kumbukumbu inasomwa kwa hiyohiyo, kwa hiyo inarudisha nilichoandika, safi kabisa. Ukurasa wa studio unasomwa kwa ile inayojua. Inaongeza saa moja.

Yaani Jumapili ile Wabrazili, watu ambao sitawaona maishani, walisogeza mishale ya saa zao, na Mnyambe mtu akakosa kumzika mama yake.

Na mimi ndiye niliyeipeleka mashine huko. Kwa kujionyesha. Mtu wa kawaida angeiacha Newala na kutoa sita kichwani.

Mama Zuhura alisoma sawa. Bakari alisikia sawa. Waongo ni wawili, mashine na mimi niliyeitolea ushahidi.

Naona aibu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimemwambia Mkurugenzi baada ya sala. Kanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha kafunga mlango.

Kasema rekebisha, nyamaza. Kasema yule mama kashazikwa, hazikwi tena. Redio mpya hii, watu wakijua kompyuta inakosea nani ataleta tangazo? Kasema mtangazaji kukosea watu wanasamehe, ni binadamu. Mashine hawataisamehe.

Nikasema na Bakari je.

Kasema Bakari anabebeshwa uongo mmoja. Watu wanao mwingi, wanaishi.

Nimejichukia kwa kutojibu. Mtu anayejua Kiswahili cha mashine kakosa Kiswahili cha mdomo.

Jumamosi, 28 Oktoba

Sijarekebisha. Nikirekebisha leo, ushahidi unakufa. Nimeanza kuandika vifo kwa karatasi, kwa mkono, nampa msomaji wa zamu. Mkurugenzi anadhani ni uangalifu wangu.

Nimepata habari kutoka Chiwata. Bakari haonekani shambani. Korosho zinaanguka chini ya mikorosho yake, mabibo yanaoza, nyuki wamejaa. Majirani wameanza kumwokotea, wakamwekea mlangoni. Hafungui.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimeagiza maneno Mnyambe kwa dereva wa lori: mzee Issa, tafadhali njoo tena redioni, na Bakari naye aje, nina neno la marehemu. Sikusema neno gani. Dereva kanitazama vibaya. Habari za marehemu hazichezewi, tena kwa lori la korosho.

Mkurugenzi yuko Mtwara hadi Alhamisi. Nimepanga waje kabla hajarudi. Niandike ukweli humu angalau, ni woga.

Jumatano, 1 Novemba

Wamekuja. Safari hii mlangoni mmoja alimpisha mwenzie, nani kwa nani sikuona, nilikuwa nikiwasha kompyuta.

Nimemwita Mama Zuhura akae kwenye kiti chake.

Nimewaeleza kwa maneno. Niliona maneno yanawapita. Brazili, kiangazi, amri mbili. Mzee Issa alikuwa anatazama mikono yangu badala ya uso, kama unavyotazama mikono ya mnunuzi anapopima.

Nikaacha kueleza. Nikamwambia mzee, niandikishie tangazo lolote, saa yoyote. Kafikiri. Kasema, niandike mimi. Issa wa Mnyambe, kafariki, saa nane.

Sikutaka. Kasema andika.

Nimeandika mbele yake. Nimemsomea, kaitikia, kama siku ile. Kisha tumeingia studio wote wanne. Mama Zuhura akakifungua kioo, kipaza sauti kimezimwa. Akasoma, sauti ile ya misiba, hakujua kusoma kwa sauti nyingine: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mzee Issa wa Mnyambe. Maziko ni leo, saa tisa mchana."

Nikafungua kumbukumbu. Saa nane.

Mzee Issa karudi studio. Kaenda tena kwenye kumbukumbu. Karudi tena. Kama mtu anayetafuta fimbo yake. Halafu kasimama katikati, mlangoni, mahali ambapo unaweza kuviona vioo vyote viwili.

"Ina mizani mbili," kasema.

Ndiyo, mzee. Ghala moja, mizani mbili. Ya kununulia na ya kuuzia. Niliposhindwa mimi kwa maneno mengi, yeye kamaliza kwa matatu.

Akavua kofia. Akamgeukia Bakari. Hakuomba msamaha. Wazee wa huku hawaombi hivyo. Akasema, "Mpwa wangu, mimi nilishuka kaburini mahali pako. Nilikuwa nakulaani nikiwa mle ndani. Nimempokea dada yangu na laana mdomoni."

Akakaa kwenye ngazi.

Bakari hakulia. Nilidhani atanipiga na ningekubali. Kaniuliza kitu kimoja, kama mashine ilikuwa inasema tisa siku ile ile, kweli kabisa, asubuhi ile. Nikasema kweli kabisa.

Kasema, "Mwanzo nilijua nilichosikia. Halafu nikaanza kutojua. Nilikaa ndani najiuliza, labda ni kweli nilisikia nane, nikaifanya tisa mwenyewe, kwa moyo mbaya."

Hilo ndilo nililomfanyia. Kumkosesha maziko ni moja. Hili ni la pili, na ndilo kubwa.

Mama Zuhura kawapa maji. Kamwekea Bakari ming'oko kiganjani bila kumuuliza.

Alhamisi, 2 Novemba

Mkurugenzi karudi, kaambiwa barabarani kabla ya kufika. Kapiga kelele. Kasema nimeiua redio. Nilingoja nifukuzwe. Mchana watu wakaanza kufika dirishani, wengi kuliko kawaida. Wamesikia kuna mashine inayozika mtu mara mbili, wanataka kuiona. Kila mmoja ana tangazo. Mkurugenzi kawatazama, kisha kanitazama. Kasema Mama Zuhura arudi kwenye vifo, watu wanamtaka. Kasema kana kwamba ni mimi niliyemwondoa.

Jioni nimeirudisha kompyuta nyumbani kutoka Brazili. Ningeweza kuondoa alama moja tu kwenye kisanduku cha kiangazi, ikabaki Brazili bila desturi zao. Sikutaka. Nimeitoa kabisa. Nimezifuta amri zote mbili, nimeandika ya kwangu, fupi, ya kijinga, isiyojua mji wowote. Saa iliyoandikwa ndiyo itakayosomwa.

Pembeni ya kioo sasa panasomeka saa ya Kizungu. Nikamwomba Mama Zuhura radhi, nikasema itabidi atoe sita kila akitazama.

Kanionyesha saa yake ya mkononi. Mshale kwenye nne. "Saa ngapi hiyo, Baba Tatu?"

Nikasema saa kumi.

"Umetoa sita?"

Sikutoa. Niliiona tu. Maisha yangu yote naiona hivyo, na mji mzima unaiona hivyo.

Jumanne, 14 Novemba

Korosho zinashuka kwenda ghalani. Vumbi kila mahali. Bakari kaanza kuokota, nimeambiwa. Anaokota peke yake, hataki kusaidiwa.

Mzee Issa kaja kuandikisha arobaini. Wameiwahisha, Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, isiingiliane na Ramadhani. Dua saa nne asubuhi, kaburini, kisha chakula nyumbani. Nimeandika. Kaingia mwenyewe studio, hakuuliza, katazama kioo cha Mama Zuhura. Saa nne. Katazama changu. Saa nne. Kavaa kofia.

Mlangoni kasema nami nije.

Ijumaa, 24 Novemba

Sitaki kwenda. Nitakwenda.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimetoka mapema kwa baiskeli ya kuazima. Ukungu ulikuwa umelala barabarani mpaka nikaona tairi la mbele tu. Mnyambe bado wanawasha moto. Akina mama wanachambua mchele kwenye sinia, mmoja kanipa salamu bila kuniuliza ni nani. Wanajua.

Mzee Issa alikuwa anaoga. Wamenielekeza kaburini nikangoje huko.

Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Bakari alikuwapo. Kakaa chini upande wa kichwani, miguu imenyooka, kanzu imelowa umande mpaka kiunoni. Kaburi limefagiliwa. Mchanga una mistari ya ufagio, haijakanyagwa na mtu yeyote, hata yeye.

Shikamoo sikumpa, ni rika langu. Nimesema habari za asubuhi. Kasema nzuri.

Nimemuuliza kafika lini.

"Jana."

Nikasema dua ni saa nne. Kasema anajua, aliisikia redioni, ilisomwa vizuri.

Alisogea kidogo. Nikakaa. Ukungu ulianza kuinuka kwenye mikorosho, na kule nyumbani mtu alikuwa anatwanga. Tukawangoja wenye kuja kwa saa.